Taxco, Mji Uliochimba Fedha Miaka 400 Bila Kuvaa Pete

Angalia picha yoyote ya Taxco mtandaoni na usome maelezo yake. Karibu yote yanasema kitu kimoja: mji wa kikoloni wa Mexico, vichochoro vya mawe, na ufundi wa vito vya fedha uliorithishwa "kwa karne nyingi".

Nusu ya hiyo sentensi ni kweli. Mji ni wa zamani, wasee. Migodi ya Taxco ilikuwa inachimbwa miaka mingi kabla Wareno hawajaweka jiwe la kwanza la Fort Jesus mwaka 1593. Lakini ile biashara ya pete, hereni na bangili inayowatoa watalii Mexico City kila wikendi ilianza 1931. Haijafikisha hata miaka 100. Kabla ya hapo fedha ilichimbwa pale karibu miaka 400, ikabebwa, ikaenda. Kwa hivyo swali langu kuhusu huu mji si "ninunue pete gani?" Swali ni: hiyo miaka 400 yote, fedha ilikuwa inaenda wapi?

Sehemu ya jibu iko huku kwetu pwani. Tutafika huko, tulia.

Kwanza safari. Kutoka Mexico City ni kama kilomita 170 kuelekea kusini magharibi, saa mbili na nusu hadi tatu kwa basi. Toka Jumamosi asubuhi na mapema, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya soko la fedha, na lala huko hadi Jumapili. Mji umening'inia kwenye mlima katika jimbo la Guerrero, nyumba nyeupe, vigae vyekundu, na sheria inayokataza watu kujenga ovyo wakaharibu sura yake. Barabara zimebana na zimepinda hadi teksi nyingi ni zile Volkswagen za mgongo wa kobe, ambazo wao huziita vocho. Mexico ndiyo iliyotengeneza ya mwisho duniani, mwaka 2003, na Taxco inaonekana haijapata habari. Dereva anapanda mlima kwa gia ya kwanza, wewe unashikilia kiti. Mtu aliyezoea matatu za Nairobi atajisikia nyumbani.

Jina Taxco linatokana na neno la Kinahuatl, Tlachco, yaani mahali pa kuchezea mpira. Hiyo Tlachco ya asili haikuwa hapa mlimani. Ilikuwa upande wa kusini, kilomita chache, panapoitwa leo Taxco el Viejo, Taxco ya Zamani. Watu wake walilipa kodi kwa Waazteki kwa nguo, asali na ubani. Hawa watu walikuwa na maisha yao kabla mtu yeyote hajavuka bahari kuja "kuwagundua".

Mhispania alipofika hakuanza kwa kutafuta fedha. Hernán Cortés alikuwa ameuangusha mji mkuu wa Waazteki mwaka 1521, na shida yake kubwa baadaye ilikuwa silaha. Alikuwa na shaba, lakini ukitaka kumwaga mizinga ya bronzi lazima uchanganye shaba na bati. Bati hakuwa nalo. Katika barua aliyomwandikia mfalme wake mwaka 1524, anaeleza kwamba aliona kwa wenyeji wa eneo la Tachco vipande vyembamba vya bati vilivyokuwa vikitumika kama pesa. Akafuatilia vile vipande vinatoka wapi, akatuma watu wakachimbe, na mizinga ikapatikana.

Soma tena hapo. Watu walikuwa na sarafu yao, na mgeni akaiangalia akaona mzinga. Shikilia hilo neno mzinga, litarudi.

Fedha ilifuata miaka michache baadaye, na ikifika miaka ya 1530 machimbo yalikuwa yameshika moto. Hapa ndipo blogu za utalii huruka haraka kama mtu anayevuka Thika Road. Nani alikuwa anashuka shimoni? Mwanzoni, wenyeji waliofanywa watumwa. Sheria ya Uhispania ya 1542 ilipopiga marufuku kuwafanya wenyeji watumwa, ukaja mfumo mwingine: kila kijiji kilitakiwa kutoa idadi fulani ya wanaume kwa zamu, wakafanye kazi migodini kwa ujira mdogo, watake wasitake. Jina lilibadilika, mgongo ni ule ule. Magonjwa ya 1545 na 1576 yakafyeka vijiji vizima, na wenye migodi wakalalamika hawana watu. Si kwamba watu wamekufa, hapana. Kwamba kazi imekwama.

Na walikuwepo Waafrika. Watu waliokamatwa Afrika, wakavushwa Atlantiki wakiwa minyororoni, walifanya kazi katika migodi ya Taxco katika karne ile ya 16. Hii sehemu ilinikaza kidogo, kwa sababu ukitembea pale mjini unaweza kumaliza wikendi nzima bila mtu kuitaja. Na jimbo lenyewe linaitwa Guerrero kwa heshima ya Vicente Guerrero, mtoto wa Tixtla kusini mwa hapo, mtu wa asili ya Kiafrika, aliyekuwa rais wa pili wa Mexico na aliyetangaza kufutwa kwa utumwa mwaka 1829. Miaka 33 kabla ya lile tangazo la Lincoln ambalo sote tulifunzwa shuleni. Yeye je, ulimsoma wapi?

Kazi yenyewe ilikuwa sumu, na simaanishi kwa mafumbo. Kuanzia miaka ya 1550, baada ya Bartolomé de Medina kuonyesha mbinu yake kule Pachuca mwaka 1554, mawe yenye madini yalisagwa yakawa unga, yakachanganywa na chumvi na zebaki, tope likakanyagwa na kugeuzwa wiki kadhaa hadi zebaki ishikane na fedha. Kisha unachoma, zebaki inapaa kama mvuke, fedha inabaki. Mvuke huo unaingia kwenye mapafu ya nani? Jibu unalo. Na hiyo zebaki nyingi ilitoka Uhispania, mfalme akiwa ndiye muuzaji pekee, kwa hivyo alikula kwenye zebaki kisha akala tena kwenye kodi ya fedha. Hata wafua fedha rasmi wa koloni walikuwa wamewekwa pamoja chini ya chama chao Mexico City, kwenye mtaa ulioitwa Plateros, mtaa wa wafua fedha. Taxco ilikuwa ya kuchimba. Kung'arisha kulifanyika mbali.

Sasa ile fedha ilienda wapi. Mexico City kulikuwa na kiwanda cha sarafu tangu 1535. Fedha ya Taxco, Zacatecas, Guanajuato na migodi mingine ilimiminwa kwenye chungu kimoja, ikatoka sarafu nene yenye thamani ya "real" nane. Baadhi zilivuka Atlantiki hadi Seville. Nyingine zilishuka Acapulco, bandari iliyo katika hilo hilo jimbo la Guerrero, zikapanda meli za kwenda Manila. Hiyo njia ilifanya kazi kuanzia 1565 hadi 1815. Kutoka Manila fedha iliingia Uchina, na kwa njia zote mbili iliingia India, Ghuba, na hatimaye Bahari ya Hindi yote. Mfanyabiashara wa Surat aliitaka, wa Muscat aliitaka, kwa sababu kila mtu aliijua na uzito wake ulikuwa unaaminika.

Pwani yetu nayo iliipokea. Muulize mzee yeyote wa Mombasa, Lamu au Unguja neno riale, ama reale. Ni lile lile "real" la Kihispania. Rial ya Oman, ambayo kila mtu mwenye ndugu Muscat anaijua, jina lake limetoka huko huko. Katika karne ya 19 hesabu za pwani zilifanywa kwa riale: pembe za ndovu kwa riale, karafuu kwa riale na, tuseme bila kupepesa macho, binadamu kwa riale. Riale zilikuwa za aina nyingi. Iliyoenea sana baadaye ilikuwa ile ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa, iliyoandikwa 1780 hata ikipigwa miaka mingi baadaye. Lakini ile ya Kihispania, ambayo nyingi yazo zilipigwa Mexico, ilikuwa na nguzo mbili zilizochongwa upande mmoja. Waarabu walipoziangalia zile nguzo waliona mizinga, wakaiita sarafu hiyo abu midfa, baba wa mzinga. Na Waswahili? Reale ya mzinga.

Mimi hapo nililazimika kukaa chini. Cortés aliona sarafu ya watu wa Taxco akaigeuza mzinga. Karne tatu baadaye, upande wa pili wa dunia, Mswahili anashika sarafu ya fedha ya Mexico na kitu anachokiona juu yake ni mzinga. Hakuna aliyepanga hiyo. Siwezi kukuambia kwamba sarafu fulani iliyopita Forodhani ilikuwa na fedha ya Taxco, kwa sababu ikishayeyushwa fedha haina kabila. Lakini lugha yetu inakumbuka vizuri kuliko wengi wetu. Hata neno lenyewe "fedha": kwetu ni madini, na kwetu ni pesa. Hatujawahi kuona haja ya kutenganisha hivyo viwili.

Turudi mlimani, kwa sababu kuna kanisa ambalo huwezi kulikwepa hata ukitaka. Santa Prisca, mawe ya rangi ya waridi, minara miwili iliyochongwa kila inchi, kuba la vigae vya rangi. Lilijengwa kati ya 1751 na 1758 kwa pesa za mtu mmoja, José de la Borda, aliyefika kutoka Ulaya akiwa kijana na kutajirika kwa migodi. Hadithi ya mtaani husema farasi wake alijikwaa, jiwe likapinduka, mshipa wa fedha ukaonekana. Kila mji wa madini una farasi kama huyo. Ukweli una ladha ndogo zaidi: kaka yake alikuwa ametangulia Taxco katika biashara ya migodi, na Borda alijua kuwekeza na kutoa maji mashimoni.

Sitajifanya kanisa halinivutii. Linavutia vibaya sana. Ingia ndani uone zile madhabahu, zimepanda hadi juu, zote zimefunikwa kwa dhahabu. Dhahabu! Katika mji wa fedha. Borda alilijenga mwanawe, Manuel, aliyekuwa padri, awe na mahali pa kuhudumu. Baadaye utajiri ulimkauka akaomba ruhusa ya kuuza chombo cha thamani alichokuwa amelipa kanisa, kikanunuliwa na kanisa kuu la Mexico City, naye akaenda Zacatecas akatajirika mara ya pili. Alikufa 1778. Uwanja mkuu wa mji unaitwa Plaza Borda. Nimezunguka ule uwanja nikitafuta hata kibao kidogo cha waliokuwa wanashuka shimoni, na nilichopata ni muuzaji wa aiskrimu.

Karne ya 19 nitaipita mbio: msomi Mjerumani Humboldt alipita mwaka 1803 akalala, na nyumba inabeba jina lake hadi leo, vita vya uhuru vikaja, migodi ikadorora, mji ukalala.

Halafu 1929 akaja Mmarekani mmoja, William Spratling. Mwalimu wa usanifu majengo kutoka New Orleans, miaka 29 hivi, aliyekuwa amekaa nyumba moja na mwandishi William Faulkner. Alisaidia kupanga kazi ya mchoraji Diego Rivera ya kuchora kuta za jumba la Cortés kule Cuernavaca, kazi iliyolipiwa na balozi wa Marekani, Dwight Morrow, na kwa malipo yake akanunua nyumba Taxco. Kwa maelezo ya Spratling mwenyewe, ni balozi huyo aliyemwambia kwamba mji huu umetoa fedha karne na karne bila wenyewe kufaidika nayo. Chukua hiyo na chumvi kidogo. Balozi wa Marekani akihuzunikia mali ya Mexico inayotoka nje ni kama fisi akihuzunikia mbuzi. Lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Mwaka 1931 Spratling alifungua karakana kwenye mtaa wa Las Delicias. Yeye hakuwa mfua fedha. Alichora, mafundi aliowaleta kutoka mji jirani wa Iguala, wafua dhahabu wenye ujuzi, ndio waliofua. Michoro aliitoa kwenye mihuri ya udongo, vinyago na mawe ya Mexico ya kabla ya Wahispania: nyoka, chui, mikono, mstari mnene usio na madoido ya Kizungu. Vijana wa mji waliingia kama wanagenzi, wakaitwa zorritas, mbweha wadogo, wakaanza kwa kufagia na wakaishia kushika nyundo. Vita Vikuu vya Pili vilipofunga mlango wa vito kutoka Ulaya, maduka makubwa ya Marekani yaligeukia Taxco, na karakana ikawa na mafundi mamia.

Kuna kundi litakuambia Spratling ni mkombozi, "baba wa fedha ya Mexico". Lingine litasema ni mzungu mwingine aliyechukua sanaa ya watu akaiuzia wazungu wenzake. Mimi naona yote mawili yanamfanya awe mkubwa kuliko alivyokuwa. Angalia kilichotokea 1945: alikuwa ameuza hisa ili kampuni ikue, mwekezaji kutoka Marekani akaishika, na muda si mrefu ikaanguka. Kama biashara ilikuwa yake peke yake, mji ungelala tena. Haukulala. Mbweha wadogo walikuwa wameshafungua karakana zao: Antonio Pineda, Héctor Aguilar, ndugu wa Castillo waliojitegemea 1939. Spratling alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1967, na siku iliyofuata nyundo ziliendelea kulia.

Kwa hivyo hiyo "karne nyingi" inanikera kwa sababu inaficha sehemu tamu. Kwamba watoto wa mji ambao babu zao walichimba fedha ya wengine walijifunza ufundi ndani ya kizazi kimoja, wakaumiliki. Hilo ni jambo kubwa kuliko utamaduni wa tangu kale. Wachongaji wa vinyago wa Ukambani pia huitwa "wa kale", na biashara yao ilishika baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kwani kitu kikiwa cha juzi si chetu?

Sasa soko. Jumamosi meza zinajaa barabarani, minyororo inauzwa kwa uzito kama sukari, na wauza duka kutoka miji mingine wananunua kwa mafungu. Tafuta chapa ya 925. Maana yake ni sehemu 925 za fedha kwa kila 1,000, zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno. Ukiambiwa "alpaca", jua hiyo ni shaba, nikeli na zinki. Fedha ndani yake ni sifuri, ingawa inang'aa kama mtu wa siasa. Beba sumaku ndogo: ikinata, weka chini uende. Vipande vya zamani vyenye muhuri wa tai ni vya kati ya 1948 na karibu 1980, bei yake ni ingine kabisa. Na usikatane bei hadi fundi akose nauli. Pete ya mkono inachukua muda, na anayekuuzia mara nyingi ndiye, au ni mkewe, ama dadake, aliyekaa usiku akiisugua.

Jumapili nenda kwenye makumbusho ya Spratling nyuma ya kanisa, uone vile vitu vya kale alivyokusanya. Halafu sokoni ukaonje jumiles, wadudu wa mlimani wanaoliwa ndani ya taco, wengine wakiwa bado wanatembea. Aliyekula kumbikumbi hana sababu ya kukimbia. Wana hata sikukuu yao, Jumatatu baada ya Siku ya Wafu, mji mzima unapanda mlima wa Huixteco.

Kitu cha mwisho hakiko kwenye kadi za posta. Mexico ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha fedha, lakini fedha inayofuliwa Taxco leo huletwa kutoka kwingine. Julai 2007 wachimba migodi wa Taxco waligoma, wakidai usalama kazini na mkataba wao kuheshimiwa, na huo mgomo ukavuka miaka 15. Vijana waliozaliwa mwaka ule wamemaliza sekondari bila kuona mgodi mkubwa ukifanya kazi. Na Januari 2024 usafiri wa mji ulisimama kabisa, shule zikafungwa, baada ya madereva wa matatu zao kuuawa katika vurugu za magenge. Zile vocho nyeupe zilipaki. Maduka ya fedha kuzunguka Plaza Borda yakafunga milango mchana, na mafundi, kwa kuwa hakuna basi lililokuwa linaleta mtu kutoka Mexico City, wakakaa nyumbani na pete ambazo tayari walikuwa wamezifua.